Alama kwa Msitu Unaosikiliza

Mhariri anataka maneno mia sita na alama juu ya kumi
kabla ya saa mbili asubuhi.
Nje, Tartu imeganda, nyuzi ishirini na mbili chini ya sufuri.
Ndani, ghorofa ya saba, nimevaa soksi mbilimbili,
si kwa baridi. Kwa woga.

Nianze na sifa, ndiyo desturi.
Msitu ni mkubwa. Nimetembea siku nne za mchezo
kuelekea kaskazini na sijagonga ukuta.
Hakuna mshale wa kunielekeza,
hakuna mwenyeji aliyesimama njiapanda akigawa kazi.
Theluji inakumbuka nyayo. Nilirudi kwenye kibanda cha mkata magogo
nikakuta nyayo zangu zinaingia,
na nyingine, ndefu, pembeni yake,
zinaingia pia.
Za kutoka hazikuwepo.

Njaa yake ni ya haki: ukila uyoga usioujua, shauri yako.
Kiberiti kina njiti kumi na moja.

Kasoro zipo. Ramani haisomeki gizani.
Shoka gani la chuma linavunjika kwa misonobari mitatu?
Na mbwa mwitu mmoja nilimkuta amekwama mwambani,
anakimbia, hafiki,
nikamwonea huruma kuliko nilivyomwogopa.

Lakini niseme hili la maikrofoni.

Kiumbe hakina macho. Waliokiunda wamekipa sikio,
na sikio lenyewe wameliweka sebuleni kwangu.
Kila sauti ya chumba hiki, kule ni sauti yangu.
Birika likichemka, kinageuka.
Kiti kikilia, kinakuja.
Juzi bibi Helju wa ghorofa ya juu aliangusha mkongojo,
nikafa nikichuna sungura.

Unaweza kuzima. Kitufe kipo.
Ila mhakiki anayezima kitufe cha hofu
ni mwonja mchuzi aliyeziba pua.
Basi wiki nzima tumeishi kwa kunong'ona.
Meelis anafungua friji kama mwizi.
Saa ya ukutani nimeitoa betri.
Kimya kingi kina mshindo mkuu;
mshindo wetu una miezi mitano, meno mawili yanachipua,
unaitwa Uku, umelala chumba cha pili.

Leo, saa tisa na dakika kumi usiku:
njiti moja imebaki, niko chini ya sakafu ya kanisa lililoungua,
kiumbe kiko juu yangu, mbao zinadondosha vumbi.
Nikabana pumzi. Mimi, huku, kwenye kochi.
Na Uku akakohoa.

Kikohozi kikavu, kifupi.
Kule, mbao zikaacha kulia. Kichwa kikainama.
Akakohoa tena.
Mapenzi ni kikohozi, husemwa, hayafichiki;
sikujua methali inaweza kuota miguu
ikateremka ngazi.

Nikatupa kidhibiti, nikakimbia.
Mtoto alikuwa macho, ametulia, anachezea kidole cha mguu,
akanitazama kama mtu aliyeniita tangu Jumatatu
na leo tu ndio nimesikia.

Nikamwimbia. Kwa sauti kamili, mbovu, ya bafuni.
Sebuleni, kwa mbali,
nikajisikia nikiliwa.

Sasa saa moja na nusu. Jua la Januari halina haraka.
Hofu, tisa. Msitu, tisa. Shoka, mbili.
Natoa saba, na najua watakaonilaumu:
watasema nimepunguza alama kwa sababu ya mchezo kufaulu mno.
Ni kweli.
Anayeishi peke yake aununue leo.
Mwenye watu ndani afikirie
ni nani atakayenyamazishwa ili yeye apone.

Meelis ameamka. Amesimama mlangoni, nywele timtim,
anauliza kwa kunong'ona kama nimemaliza.
"Nimemaliza," nasema, na sauti yangu yenyewe inanishtua.
"Bandika birika.
Liache lilie."